Barua ya wazi kwa wakubwa wa afya Zanzibar: mdomo uliorudi nusu haujarudi

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mheshimiwa Waziri wa Afya wa Zanzibar, Katibu Mkuu, wakuu wa hospitali zetu za Unguja na Pemba, na nyinyi wa Mfuko wa Huduma za Afya mnaokaa mkaamua matibabu gani yalipiwe na yepi yasilipiwe, nakuandikieni mimi mwalimu wa darasa la kwanza, mkaazi wa Wete. Naomba mnisome mpaka mwisho hata nikienda mbele nikarudi nyuma, mie si muandishi, lakini jambo hili la uso wangu uliopooza ukarudi nusu nalala nalo na naamka nalo.

Nianze darasani maana ndiko lilikoniuma zaidi. Tulikuwa kwenye silabi, pa pe pi po pu. Sasa herufi p inataka midomo miwili ikutane, ibane pumzi halafu iachie, na mimi upande wa kushoto midomo haikutani vizuri, pumzi inapenya pembeni kabla sijaiachia, kwa hiyo nikitaka itoke p ya kueleweka lazma niuvute mdomo mzima kwenda kulia. Nikasema pa. Watoto wakaniitikia pa, na wote, wallahi wote, wakavuta midomo kulia kama mimi. Hawakuwa wananicheka. Walidhani ndivyo inavyosemwa, mwalimu kasema hivi na wao wanasema hivi. Nikageuka nikaandika ubaoni muda mrefu kuliko ilivyohitajika mpaka macho yakauke.

Hadithi yangu ilianza Novemba 2022, mimba ina miezi minane na nusu. Niliamka alfajiri kutia udhu, nikasukutua, maji yakamwagika upande wa kushoto kama mdomo umetobolewa. Nikadhani usingizi. Nikasukutua tena, yakamwagika tena. Kwenda kwenye kioo naona jicho la kushoto limekodoka halifumbi, shavu limeshuka, pembe ya mdomo inaangalia chini. Mavyaa wangu akasema nimepigwa kofi na shetani kwa vile jana yake magharibi nilipita chini ya mbuyu na mimba yangu. Simlaumu hata kidogo, alinihangaikia kama mwanawe, kombe nikanywa, dua nikasomewa, na sijutii dua hata moja. Lakini siku ile ile, kabla ya adhuhuri, nilikwenda na kituo cha afya, na hapo ndipo nataka mnisikilize.

Sikitaji kituo, sikuja kumchomea mtu. Nilipimwa presha ikaonekana nzuri. Mmoja akasema huenda ni stroku, mwengine akasema si stroku ni baridi tu ya feni, nikapewa vidonge vya vitamini B na panadoli, nikaambiwa nitafune bigijii kwa wingi na itarudi yenyewe. Hakuna aliyeniambia nikunje paji la uso. Jambo dogo hilo, halitaki mashine wala vocha: kama ni stroku ya kawaida kwa mara nyingi paji linakunjika pande zote mbili hata mdomo ukipinda, kama ni mshipa wa fahamu wa uso wenyewe basi na paji la upande ule linalala shwari halikunjiki. Langu lilikuwa limelala shwari. Hakuna aliyeniambia nitie dawa ya matone jicho lisikauke na usiku nilibandike plasta, nimekuja kujua baadae kwamba jicho lisilofumba linaweza kuchubuka kioo chake mtu akapoteza uoni kwa kitu cha plasta ya bei rahisi.

Na hakuna aliyenitajia prednisoloni, dawa ya kupunguza uvimbe wa mshipa. Ugonjwa wenyewe unaitwa kupooza kwa Bell, kwa jina la daktari wa Scotland aliyeueleza miaka mia mbili iliyopita, Charles Bell. Kwenye mimba ya miezi ya mwisho na wiki za mwanzo baada ya kuzaa unawapata wanawake zaidi kuliko wakati mwengine, kwa hiyo mimi sikuwa kioja, nilikuwa mgonjwa wa kutarajiwa. Mshipa wa uso unapita kwenye tundu jembamba la mfupa nyuma ya sikio, ukivimba humo hauna pa kutanukia, unajibana wenyewe. Huko huko Scotland walifanya utafiti ukatoka 2007, wagonjwa mia tano na kitu, waliopewa prednisoloni siku 10 wakianza ndani ya saa 72 walipona kabisa 94 katika kila 100 baada ya miezi tisa, na wasiopewa 82. Dawa hii si ya ajabu, ni dawa ya siku nyingi, imo kwenye maduka ya dawa hapa Wete. Ndio, na mimba daktari angepima faida na hatari kwanza, sawa, lakini apime basi! Mimi sikupimiwa, zile saa 72 zangu zilipita nikitafuna bigijii.

Mwanangu kazaliwa Disemba. Mzazi yeyote anajua zile wiki za mwanzo mtoto anapoanza kukutazama usoni, anakusoma, anangoja umchekee na yeye akuchekee. Mimi nilikuwa nikimpakata nampa upande wa kulia tu. Nikimnyonyesha kulia najitahidi nigeuze shingo ili asiuone ule mwengine. Shingo ikawa inaniuma mpaka mume wangu akaniuliza kwani umelalia nini. Alipofika miezi mitatu akaanza kucheka, na nilikuwa nikimtazama mdomo wake kwa wasiwasi, je anacheka pande zote mbili au anacheka kama mimi. Anacheka pande zote mbili, alhamdulillah. Ilipofika Ramadhani ya 2023 nilikuwa nafuturu chumbani peke yangu kwa sababu uji unanitoka pembeni na sitaki kufuturu na leso mdomoni mbele za wakwe.

Nikaanza kushusha ushungi mpaka mdomoni. Watu wakanambia mashallah mwalimu umeshika dini. Iliniumiza ile, kwa sababu nikab ni ibada ya mtu na nia yake, na mimi nilikuwa najificha.

Sasa nifike kwenye neno lililonifanya niandike. Baada ya miezi kama mitano uso ulirudi, lakini ulirudi nusu. Jicho linafumba. Paji linakunjika kidogo. Mdomo umenyooka nikinyamaza, ukinipita njiani hujui kitu. Ila nikicheka, kulia kunapanda na kushoto kunabaki pale pale, na nikitafuna jicho la kushoto linajifumba fumba lenyewe kwa sababu nyuzi za mshipa zilipoota upya nyengine zimepotea njia, ya mdomo imekwenda jichoni. Kwenye kadi yangu kukaandikwa amepata nafuu. Hapo ndipo faili linapofungwa. Anayepooza uso mzima angalau anaonekana, anaandikiwa rufaa, sisi wa nusu tunaambiwa unakula, unasema, jicho linafumba, shukuru Mungu, hilo la kucheka ni urembo.

Nashukuru Mungu kila siku na bado nasema si urembo.

Nilikwenda Dar es Salaam kwa pesa zetu wenyewe, tuliuza ng'ombe mmoja, nikaonana na daktari wa upasuaji ambaye kwa mara ya kwanza alikaa akanieleza kitu mpaka nikakielewa. Nawapa kama alivyonipa mimi. Mshipa wa fahamu wa saba ndio unaoendesha uso, mmoja kila upande, ukitoka chini ya sikio unapita ndani ya tezi ya mate na kufumuka matawi, mfano wa kiganja kilichotanuliwa vidole vitano: cha paji, cha jicho, cha shavu, cha kidevu na cha shingo. Kucheka kunategemea khasa matawi ya shavuni. Halafu akanambia mwalimu uma meno, weka mkono shavuni karibu na sikio, unahisi nini? Nikahisi nyama inatuna, ngumu, kulia na kushoto sawa sawa. Akasema huo ni msuli wa kutafuna, wenyewe unaendeshwa na mshipa wa tano, haukuguswa na ugonjwa wako hata siku moja. Kumbe kwa ile bigijii nilikuwa napalilia shamba la jirani! Lakini, akasema, mshipa huo huo wa kutafuna ndio tunaoweza kukuazima.

Wanafanyaje? Unalazwa kwa nusukaputi, wanachana mbele ya sikio kufuata mkunjo wa ngozi ili kovu lisionekane sana. Wanatafuta tawi la kucheka, ambalo kwa watu wengi liko kama katikati ya njia kutoka juu ya sikio kwenda pembe ya mdomo, wanaligusa na kikalamu cha umeme mdogo waone ni lipi linavuta pembe ya mdomo juu na lipi linafumba jicho. Kwa mtu wa nusu kama mimi hapa ndipo pana ufundi, maana hutaki kuharibu kile kilichobaki kinafanya kazi. Bahati nzuri matawi ya shavuni yameingiliana, yanasaidiana, basi wanachagua moja la kucheka ambalo ni dhaifu, wanaliacha lile la jicho, wanachukua tawi moja la mshipa wa kutafuna na kuyaunga kwa uzi mwembamba kuliko unywele chini ya darubini. Kutafuna hakufi, misuli mengine ya kutafuna ipo na upande wa pili upo. Baada ya hapo ni kungoja, mshipa unaota kama milimita 1 kwa siku, na kwa sababu njia ni fupi mwendo unaanza kuonekana kati ya miezi mitatu na sita.

Kuna na njia nyengine, wanachukua mshipa wa nyuma ya mguu, wanaupitisha chini ya ngozi ya uso kutoka upande mzima kuja upande mgonjwa, ili ukicheka upande wa kulia, na kushoto kucheke kwenyewe bila kuuma meno. Hii inachukua muda mrefu zaidi na nguvu yake ni ndogo, na ubavu wa mguu unabaki na ganzi, ila tabasamu lake linakuja na furaha yenyewe. Wengine wanafanyiwa zote mbili. Na aliyechelewa sana mpaka misuli ya uso imekufa anahamishiwa msuli wa paja na mshipa wake na mishipa yake ya damu, jambo ambalo Mjapani Harii na wenzake walilionesha 1976, operesheni kubwa ya masaa mengi. Yote haya yanajulikana duniani karibu miaka hamsini sasa.

Niliyemuona kwa macho yangu, yaani kwa simu, ni binti wa shangazi yangu anayeishi Maskati. Yeye alitolewa uvimbe mbele ya sikio, tawi la shavu likaumia, akabaki nusu kama mimi. Walimpeleka India wakamfanyia hii ya mshipa wa kutafuna. Miezi mitatu na nusu kimya, kila siku anauma meno mbele ya kioo, hakuna. Mwezi wa tano akanitumia video kwenye WhatsApp, anakula boflo na chai, na kila anapouma, pembe ya mdomo wake ya kushoto inaruka. Kidogo, kama uzi unaovutwa kwa ndani. Anauma inaruka, anauma inaruka, na yeye mwenyewe hajui alie au acheke, akaamua kufanya vyote. Nimeitazama video ile mara ngapi sijui. Baadae alifundishwa mazoezi, uma taratibu, cheka pamoja, punguza kuuma, na sasa hivi mara nyengine anacheka bila kukumbuka meno. Si kama zamani, mwenyewe anasema si kama zamani. Lakini kwenye picha za harusi ya mdogo wake kasimama katikati, hakujificha nyuma ya mtu.

Wakubwa zangu, kitu kimoja daktari alikirudia mara tatu: muda. Msuli wa uso usiopata umeme wa mshipa unakonda na kufa, baada ya mwaka mmoja mpaka mwaka na nusu matumaini yanapungua sana, ikifika miaka miwili kwa aliyepooza kabisa hata ukiunga mshipa unaunga kwenye nyama isiyosikia. Sisi wa nusu tuna bahati kwamba ule mshipa uliobaki unaipa misuli uhai kidogo, kwa hiyo mlango wetu unakaa wazi muda mrefu zaidi. Ndio maana na mimi baada ya muda wote huu bado nimeambiwa inawezekana. Bei niliyoambiwa pamoja na safari na kukaa, kwa mshahara wangu wa ualimu ni kitu cha kuuza nyumba. Na sio mimi peke yangu. Zanzibar kwa sensa ya 2022 tuko watu 1,889,773. Ugonjwa huu wa Bell unakisiwa kupata watu 20 au zaidi katika kila laki kwa mwaka, basi piga hesabu, ni watu kama 370 na ushee kila mwaka hapa visiwani, na wasipotibiwa takriban 7 katika 10 wanapona kabisa na 3 wanabaki na kitu. Hao ni mia na zaidi kwa mwaka, bado hujatia ajali za boda, watoto wanaotoka usaha masikioni mpaka mshipa ukaguswa, wanaoanguka mikarafuu wakavunjika mfupa wa sikio.

Ninachoomba hakianzi na jengo. Kwanza kile cha bure, karatasi moja ukutani kwenye kila kituo cha afya mpaka Kojani na Tumbatu: mtu akija uso umepinda, mwambie akunje paji, mkague sikio kama lina malengelenge au usaha, mlinde jicho, na kama ni mshipa wa uso muanzishe prednisoloni ndani ya saa 72 au mpigie daktari wa wilaya siku hiyo hiyo. Dawa isikosekane. Halafu yule mtu apewe tarehe ya kurudi, mwezi wa tatu, sio aambiwe urudi ukiona haijakaa sawa, maana sisi hatujui sawa ni ipi, tunangoja tu. Mwezi wa tatu daktari amwambie cheka, aangalie, akiona upande mmoja haupandi amuandikie rufaa hapo hapo na isiandikwe amepata nafuu.

Pili mafunzo. Sisi hatuanzi na sifuri. Pale hospitali ya Mnazi Mmoja tokea 2014 kuna kituo cha upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo kilichokuja kwa ushirikiano na taasisi ya NED ya Hispania, watu wanapasuliwa kichwa hapa hapa ambao zamani ilikuwa ni kuvuka bahari au kufa. Madaktari wa China wanakuja visiwani tokea 1964 na wako mpaka hospitali ya Abdalla Mzee kule Mkoani, Pemba. Nchi iliyofika hapo haiwezi kushindwa kupeleka madaktari wawili na mtu mmoja wa fiziotherapia, yaani mazoezi ya viungo, wakajifunze kuunga mishipa ya uso, au kumleta fundi wa kazi hiyo mara moja kwa mwaka akafanya pamoja na wetu mpaka wetu wakaweza. Na huyo wa fiziotherapia msimsahau, binti wa shangazi anasema bila mazoezi ya kioo angebaki anauma meno tu.

Tatu, Mfuko. Nimo ndani ya Mfuko huu, nachangia kama watumishi wenzangu, na naupenda, mwanangu ametibiwa homa kwa kadi ile. Nawaomba mkae na madaktari muandike wazi kwamba kurudisha mwendo wa uso uliopooza, wote au nusu, ni matibabu. Mtu asiyeweza kufunga mdomo akala, asiyeweza kusema p na b, mwalimu asiyeweza kumfundisha mtoto kusoma jina la kisiwa chake Pemba, huyo hatafuti urembo.

Nina jambo moja la mwisho na hili ndilo la haraka. Kuna kijana wa Konde, nimejuana nae kwenye boti ya kurudi kutoka Dar, alikaa upande wangu akaona ushungi wangu ulivyo akajua, akanionesha shavu lake. Alichanwa na chupa shavuni, mbele kidogo ya sikio. Pale alipotibiwa ngozi ilishonwa vizuri sana, kovu jembamba, lakini hakuna aliyemwambia acheke kabla ya kumshona. Paji lake zima, jicho zima, tawi la shavu ndilo lililokatwa. Nilimuuliza yule daktari wangu kwa simu, akasema mshipa uliokatwa kwa siku kama tatu za mwanzo ncha yake ya mbele bado inastuka ukiigusa kwa umeme, kwa hiyo inapatikana kirahisi na kuunganishwa, baada ya hapo ni kazi ya kutafuta gizani, na zaidi ya hapo ni hii ya kuazima mshipa wa kutafuna. Kijana ana miaka 22, anauza simu na chaja, anasema wateja wanadhani anawabeza akiwachekea.

Yeye leo ana miezi minne tokea achanwe. Misuli yake bado iko hai. Mimi kwa hali yangu naweza kungoja, yeye akingoja mwaka mwengine mlango unafunga. Vyeti vyangu ninavyo vyote na vyake pia tumevikusanya kwenye bahasha moja. Mkituita Wizarani, siku yoyote, tunapanda boti tunakuja sote wawili.

Wassalam,
Mwalimu wa darasa la kwanza, Wete, Pemba